Mzee Herman Hhando na Mishale Miwili

"Mke wangu hapandi humo," alisema Onesphory, mkono wake ukiwa umeushika mlango wa nyuma wa Landrova, na baba yake akamjibu kwamba aliyepanda ameshapanda, achungulie mwenyewe, na kweli Natalia alikuwa ameshakaa kwenye benchi la chuma, kanga ameikaza kiunoni, uso ameugeuzia dirishani kwa heshima ya baba mkwe, bangili zake za shaba zikigongana kila alipojisogeza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi tarehe 20 Septemba 2014, kwenye ziwa la chumvi la huku kwetu Balangdalalu, likiwa limekauka na kuwa jeupe kama unga uliomwagwa, mlima Hanang umesimama upande mmoja, magari yamejipanga mstarini, watu wamejaa ukingoni, na wazee wa ukoo wa Natalia wamesimama na fimbo zao mbali kidogo, karibu na ng'ombe, wakiangalia. Onesphory alimwambia baba yake kwamba watu watacheka, kwamba kwa wakwe zake mwanamke hakai hata kivuli kimoja na baba mkwe, itakuwaje azungushwe naye mbele ya wilaya nzima, na kwamba kazi ya kuangalia geji za joto ilikuwa yake tangu mbio hizo zilipoanza. Baba yake akasema ni kweli ilikuwa yake, lakini mwaka uliopita badala ya kuangalia geji aliangalia wasichana wa Katesh, akawapungia mkono mpaka gari likachemsha. Waliokuwa karibu wakacheka, Onesphory naye akacheka huku amekasirika, akauachia mlango.

"Haya, Baba, nendeni, mimi nitabaki na mbuzi."

"Mshike vizuri," alisema mzee, "tunakuja kumchukua." Kwa maana beberu yule aliyefungwa kwenye pipa ndiye aliyekuwa zawadi ya mshindi.

Wapendwa waombolezaji, tumeanzia hapo kwa sababu marehemu mwenyewe ndipo alipopenda kuanzia, kila alipoulizwa habari za maisha yake alianzia ziwani, kisha akarudi nyuma hadi Bashay alikozaliwa, nasi leo tunamfuata kwa njia yake.

Marehemu Mzee Herman Hhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kijiji cha Bashay, wilaya ya Mbulu, mtoto wa tatu wa Mzee Hhando na Mama Tekla, waliokuwa wakulima wa mahindi na maharage na wafugaji wa ng'ombe wachache, wote wawili wametangulia. Alianza shule ya msingi hapohapo Bashay mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, na walimu wake walimkumbuka kama mtoto mtulivu ambaye mawazo yake yalikuwa nje ya dirisha, kwa sababu ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, na injini ya mashine ile ilipozwa kwa maji ya pipa, na yeye alikuwa akitoka darasani anakwenda kuweka kiganja kwenye pipa, anashangaa kwamba kitu kinachotoa moto kiasi kile kinaweza kutulizwa na maji yaleyale ya kisimani. Alitusimulia kwamba hapo ndipo aliposhikwa, na hakuachiliwa tena.

Mwaka 1973 alikwenda Mbulu mjini kujifunza ufundi wa magari, akakaa kwa fundi wake miaka minne, kisha mwaka 1977 akapata kazi katika mashamba makubwa ya ngano huku Hanang, akawa fundi wa kombaini za kuvunia na matrekta, kazi aliyoifanya kwa moyo wake wote hadi mashamba yalipopunguza watu mwaka 1996. Kule kwenye ngano ndiko alikoviona kwa mara ya kwanza vipimo viwili vikiwa sambamba mbele ya dereva, kimoja cha joto la maji na kimoja cha joto la oili, na aliyeketi naye jioni yoyote katika nyumba hii amewahi kuelezwa tofauti yake, kwamba maji hupata moto haraka na hupoa haraka, yakichemka hutoa mvuke na kelele hata asiye fundi akajua, lakini oili hupanda polepole na kimyakimya, gari likiwa limekimbizwa kwa muda mrefu, na ikishapanda inakuwa nyepesi kama maji, haishiki chuma tena, chuma kinalamba chuma, na injini inanoki, inakwama isizunguke tena. Alisema dereva wa barabarani anaweza kuishi na mshale mmoja, lakini anayezunguka uwanjani, gia za chini, mguu chini, hapumziki hata kwenye kona, huyo ahesabu mishale miwili au asiingie.

Tarehe 27 Oktoba 1979 alifunga ndoa takatifu na Genoveva, ambaye yuko nasi hapa leo na amevaa kanga aliyoinunua naye, wakajaliwa watoto watatu, Onesphory aliyezaliwa mwaka 1981, Doris mwaka 1984 na Hilda mwaka 1988, na wajukuu tisa. Walihamia Balangdalalu wakati wa kazi ya ngano na hawakurudi tena Bashay isipokuwa kwa mazishi na harusi, kwa sababu mzee alisema tambarare hii ilimfaa, mtu anaona gari linakuja likiwa bado vumbi.

Alipotoka kwenye ngano alijenga gari lake mwenyewe, na hapa tunasema alijenga kwa sababu hakulinunua likiwa gari, alikuta Landrova ndefu isiyo na injini imelala kwenye majani, akaiwekea injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori, akaifungia viti viwili virefu vya chuma nyuma, na katikati ya dashibodi akaweka geji ya oili aliyoifungua kwenye kombaini iliyokufa, pembeni ya geji ya maji. Kwa miaka mingi gari hilo ndilo pekee katika vijiji kadhaa lililokubali kutoka wakati wa mvua. Mgonjwa alibebwa nalo, mama mjamzito alibebwa nalo, na maiti pia, na mzee hakuwahi kuuliza mtu ni wa dini gani au wa kabila gani kabla ya kuwasha. Tunaomba mlikumbuke hili mnaposikia habari za mbio, kwamba injini iliyokuwa ikizungushwa ziwani ndiyo hiyohiyo iliyongojwa na wagonjwa, hapakuwa na nyingine, na ikifa, watu wangebebwa tena kwa machela.

Mbio zenyewe zilianzishwa na madereva wa malori ya ngano kujifurahisha, kila Septemba maji ya ziwa yakishakauka, mapipa manne yanasimamishwa mbalimbali kwenye chumvi na magari yanayazunguka. Mama Genoveva hakuzipenda hata siku moja. Alimwambia mume wake kwamba mtu mzima anayecheza na gari la wagonjwa ana kichaa, naye alimjibu kwa upole kwamba anayetaka kujua injini yake imechoka wapi aiulize ikiwa imekasirika, si ikiwa imelala, na kila baada ya mbio alirekebisha kitu ambacho kingemwangusha njiani katika mvua. Hata hivyo alikiri kwamba mama alikuwa na haki nusu.

Natalia aliingia katika familia hii mwaka 2005 akitokea kwa wafugaji wa Kidatoga, na alikuja na heshima za kwao zote, hakutamka jina la baba mkwe wala kumtazama usoni, alimsalimia shikamoo akiwa amegeukia ukuta, hakuvuka kizingiti cha chumba chake, na alipotaka kumwambia neno alilipitisha kwa mama mkwe au kwa watoto. Mzee, ingawa kwao Bashay mambo hayo hayakuwa makali namna hiyo, aliyaheshimu, naye akajifunza kukohoa kabla ya kuingia jikoni. Lakini Natalia ndiye aliyekuwa akipanda nyuma na akina mama wajawazito kuwashika mkono, na kutoka kwenye benchi aliziona geji mbili katikati ya mabega ya walio mbele, na siku moja wakipanda mlima na mgonjwa, mzee alisikia shaba ikigonga chuma nyuma yake, ngo, akatazama, akakuta mshale wa maji umeanza kupanda. Siku nyingine ikagonga mara mbili, akatazama, ni oili. Hawakupatana kwa maneno. Alikuja kutambua tu kwamba mkwe wake, asiyeruhusiwa kumsemesha, amempa lugha, na alituambia kwamba siku ile alisimamisha gari kando, akajifanya anakagua tairi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakutaka mgonjwa aone dereva analia.

Basi turudi ziwani. Magari yaliondoka, chumvi ikaruka, na mzee akatangulia mapema akifuatwa na Alfredi, dereva wa lori aliyekuwa rafiki yake na mshindani wake wa miaka yote, na kwa mizunguko mingi mambo yalikwenda vizuri, bangili ikigonga mara moja hapa, mara mbili pale, mzee akilegeza mguu kidogo mpaka mshale utulie, kisha akikandamiza tena, na watu waliokuwa ukingoni wanasema gari lilikuwa linapumua kama kiumbe. Mizunguko ilipobaki mitatu mshale wa maji ulianza kushuka. Ulishuka vizuri, ukaenda mpaka mahali unapokaa asubuhi kabla ya kuwasha. Mzee alifurahi, akadhani upepo wa mlimani umeingia kwenye rejeta, akakandamiza mguu mpaka mwisho.

Nyuma yake shaba ikagonga mara mbili. Akatazama oili, akaona iko juu, akajiambia itafuata, maji yakipoa nayo itapoa. Ikagonga tena mara mbili, akaongeza gia. Alitusimulia sehemu hii bila kujificha, kwamba alimwona beberu mbele yake na akaacha kuisikia bangili. Hakujiuliza swali ambalo angemuuliza mwanafunzi wake yeyote, kwamba maji yanapoaje ghafla katika injini inayokimbizwa. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yote yamemwagika kwenye chumvi, na kipimo kilichozoea kukaa ndani ya maji kilikuwa kimebaki kwenye hewa tupu, hakina cha kupima, kwa hiyo mshale umeanguka, na moto wote umekwenda kwenye oili.

Shaba sasa ilikuwa inagonga bila kuacha. Kisha ikanyamaza, na ndani ya gari lile, katika kelele ile, ikatoka sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia ikimwelekea.

"Herman! Zima!"

Alisema kwamba mguu ulitoka wenyewe. Mkono ukatoa gia, ukazima, na Landrova likateleza kimya juu ya chumvi kama kitu kisicho na uzito, magari mengine yakiwapita kushoto na kulia, mpaka likasimama peke yake katikati ya ule weupe. Mzee alipoinua boneti alisimama na kitambaa mkononi, hakugusa kitu, kwa sababu joto lililotoka pale lilikuwa likitikisa mlima wote mbele ya macho yake. Injini ilipopoa kidogo akavuta kijiti cha kupimia oili, oili ikadondoka kama chai. Akalizungusha kwa mkono gurudumu la mkanda lililo mbele ya injini, taratibu, huku akiomba, na injini ikazunguka. Haikuwa imenoki. Alituambia kwamba mzunguko mmoja zaidi ungetosha, pengine nusu yake.

Alfredi alishinda, akarudi na kamba kuwavuta, beberu akiwa amefungwa juu ya lori lake, na Onesphory akaja akikimbia, amejiandaa kusema mengi, lakini alipomwona baba yake ameegemea bampa na mke wake amekaa chini upande wa pili wa gari, uso umefunikwa kanga, alikwenda kuinama karibu na mke wake.

Natalia hakuwa analilia injini. Alikuwa ametamka jina la baba mkwe kwa sauti, habari ingewafikia wazee wa kwao, na kwao hilo halipiti hivihivi. Kesho yake asubuhi mzee Herman alibeba chupa kubwa ya asali, akaenda kwa miguu mpaka kwenye boma la babu yake Natalia, kwa sababu gari lilikuwa limefunguliwa, akaketi chini mbele ya wazee, akasema, "Jina lile ni langu. Kama kuna deni, nidaini mimi, yeye alilitumia kuwaokoa wagonjwa wenu na wetu." Babu akauliza kama gari lilishinda. Akaambiwa halikushinda. "Kwa hiyo mmepoteza mbuzi na jina siku moja," akasema, na wazee wakacheka mpaka fimbo zikaanguka, asali ikapokelewa, na neno likaisha. Mzee aliporudi alimpa mkwe wake ruhusa, kupitia kwa Mama Genoveva, ya kumwita jina lake wakati wowote. Natalia alijibu kwa njia hiyohiyo, kwamba anashukuru, lakini atalitunza mpaka lihitajike.

Mpira ulibadilishwa, oili ikamwagwa na kuwekwa mpya, na Alhamisi iliyofuata, mvua ya kwanza ikiwa imewahi, Landrova lilimbeba Imakulata, mke wa jirani yetu, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, likavuka mto uliokuwa umeanza kujaa, likamfikisha hospitali Katesh, na mtoto akazaliwa salama. Mtoto huyo yuko hapa, amekaa mbele na mama yake. Mzee hakuingiza tena gari kwenye mbio, lakini kila Septemba alikwenda ziwani na kusimama kwenye pipa la kwanza, na kila dereva aliyemaliza alimzuia asizime mara moja, akamwelekeza azunguke mzunguko mmoja zaidi polepole, bila kushindana na mtu, mpaka oili ishuke, kwa maana injini yenye maji yake isizimwe ikiwa moto, ipewe nafasi ya kupoa ikiwa bado inatembea, ndipo izimwe. Vijana walimwita Mzee Poza, naye alilipenda jina hilo.

Afya yake ilianza kubadilika Januari mwaka huu wa 2025, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akapelekwa hospitali mara kadhaa na kuambiwa kwamba moyo wake umetanuka, akapewa dawa akarudi nyumbani. Mwezi Aprili alipata homa, ikashuka, sote tukafurahi, isipokuwa Natalia, aliyemwambia mama mkwe kwamba ngozi imepoa lakini, kwa anavyopumua, ndani hakujapoa, arudishwe hospitali, na daktari akakuta homa ya mapafu. Mzee alipoelezwa ni nani aliyeona, alitabasamu kitandani, akainua vidole viwili.

Siku zake za mwisho zilikuwa ule mzunguko mmoja wa polepole, alisema hivyo mwenyewe, hashindani tena na mtu. Natalia aliweka kigoda nje ya mlango wa chumba, akakaa hapo kutwa nzima, hakuvuka kizingiti, na kila baada ya muda aligonga fremu ya mlango kwa bangili mara moja, kuuliza kama anataka maji, naye mzee akagonga kijiko kwenye chuma cha kitanda, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Waliokuja kumjulia hali waliwakuta wakizungumza hivyo, na wengi walisimama uani kwa muda bila kubisha hodi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitali bila kuchoka, inawashukuru majirani waliochota maji, waliopika na waliolala nasi hapa uani, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa mashamba ya ngano waliotoka mbali, madereva wote, na Mzee Alfredi ambaye ndiye aliyeliendesha Landrova jana kumleta marehemu kutoka mochwari, polepole, bila kumpita mtu yeyote. Inawashukuru pia wazee wa boma la Natalia kwa asali waliyokuja nayo. Ambao hatukuwataja watusamehe, ni wengi, nasi tumewaona.

Mzee Herman Hhando alituacha Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake hapa Balangdalalu, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mama Genoveva alikuwa ameushika mkono wake, Onesphory yuko miguuni, Doris na Hilda wako upande wa dirisha, na pumzi ilikuwa bado ipo, ndogo, ikikaa muda mrefu kabla ya kurudi, kama mtu anayeogopa kuondoka akiwa amesahau kitu. Nje bangili iligonga fremu mara moja, kijiko hakikujibu. Ikagonga mara mbili, kikakaa kimya. Ndipo Natalia akainuka kwenye kigoda, akasimama wima mlangoni, akaondoa kanga usoni, akamtazama baba mkwe wake kwa macho yote mawili, na kwa mara ya pili katika maisha yake akalitamka lile jina alilokuwa amelitunza, safari hii taratibu.

"Herman, maji yamepoa, na oili imepoa. Sasa zima, upumzike."